Marahaba ya Njia ya Chukwani

Unguja mjini, mtaa wa Sokomuhogo
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Mwana Esha, Amu

Nakushika mkono na kuubusu kutoka huku niliko, na kabla ya jambo lolote nakuuliza macho yako. Barua yako ilinifikia kwa meli ya posta. Nimeona mistari yako imeanza kupanda na kushuka, na herufi zimekuwa kubwa kuliko zamani, nikajua hali yako kabla hujanieleza. Wewe ndiye uliyenifunza kuandika kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo najua si uzembe. Nami nimeandika hii kwa wino mzito na herufi pana, na nimeacha nafasi katikati ya mistari. Isome asubuhi, usiisome kwa taa.

Kikohozi cha alfajiri je, kimekuachia? Na goti? Mimi nipo, namshukuru Mungu. Nala, nalala, nasali kwa kukaa. Ubavu wangu wa kulia unauma nikigeuka, na sababu yake ndiyo nitakayokueleza. Zuhura mwanangu hajambo. Anapika, ananigombeza, ndiyo kazi zake mbili tangu mamake afariki.

Umeniandikia maneno matatu ambayo nimeyasoma mara nyingi kuliko barua nzima: Ndoo ningali naona. Hapa Unguja hakuna anayesema ndoo akimaanisha njoo. Miaka thelathini na mitatu nimeishi na watu wa njoo, nami nimekuwa mmoja wao, hata nadhani nikirudi kwetu mtanicheka. Nilikuja kusoma kwa sheikh miaka miwili, hayo unayajua. Kilichobaki ni maisha.

Nilikuahidi kwamba nitakuja kabla ya Ramadhani. Haikuwa ahadi ya mdomo. Nauli nilikuwa nayo, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku, na nilikuwa nimeshamwambia Zuhura anishonee kanzu mbili za safari. Wiki tatu zilizopita safari hiyo ikaja kutegemea karatasi moja, nitie sahihi au nisitie. Nakuomba usome yote kwa mfuatano, kisha unihukumu.

Kazi yangu unaijua. Mtu akifa akaacha shamba, mimi huitwa kuwagawia warithi kwa sheria na kuwaandikia hati. Mashamba yako mbali na mjini, na magoti yangu mwaka jana yaligoma kumpanda punda. Sasa jirani yangu mmoja, Bwana Sefu, ni kijana wa ukoo wa Kiarabu. Babu yake alikuwa na mikarafuu isiyoonekana mwisho, baba yake akauza nusu, na yeye amebakiwa na nyumba kubwa, mama, na tabia ya kupenda vitu vipya. Aliagiza kutoka Ulaya baiskeli inayokwenda kwa injini. Watu wa mjini wanaiita pikipiki, na ukiisikia hutauliza kwa nini. Aliipanda mara moja tu, akaingia nayo kwenye duka la muuza vyungu. Mama yake, Bi Zamzam, akamtaka aweke mkono juu ya msahafu na kuapa kwamba hataipanda tena muda wote wa uhai wake yeye mama.

Chuma kile kikakaa ukumbini miezi miwili kimefunikwa shuka. Siku moja Bwana Sefu akaniambia, "Mwalimu, wewe punda amekushinda, mimi mama amenishinda. Chukua hii pikipiki uifanyie kazi. Mimi angalau nisikie mlio wake."

Nikacheka, nikakataa. Baada ya siku nne nikakubali. Usinicheke, dada. Mtu wa miaka hamsini na tisa aliyevaa kilemba juu ya pikipiki si jambo la kawaida, na mara ya kwanza nilipopita Mkunazini watu walitoka madukani. Lakini nilijifunza, na nikaendesha vizuri. Husukumwa kwanza hata injini ishike, kisha unaipanda kama unavyopanda kitanda. Nilifika Chukwani kwa muda wa kusoma juzuu moja. Kwa punda ilikuwa nusu ya siku.

Shauri moja tu la ile pikipiki lilikuwa geni kwangu, nalo ndilo lililoniponza. Nimepanda punda tangu utoto, na juu ya punda mtu akikusalimu unamwitikia kama inavyopasa: unaondoa mkono wa kulia kwenye hatamu, unauweka kifuani, unajibu. Punda anaendelea na njia yake, maana naye ana akili. Kupita mbele ya mtu aliyekusalimu bila kuweka mkono kifuani, sisi tuliambiwa ni jeuri, na huku nako ni hivyo hivyo.

Siku ile nilikuwa natoka Chukwani. Tulikuwa tumehesabu minazi ya ndugu watatu tangu asubuhi, na kila mmoja alikuwa anaamini kwamba minazi inayozaa iko upande wa mwenziwe. Nilikuwa nimechoka, lakini akili yangu ilikuwa macho na njia ilikuwa nyeupe, hapana hata gari la ng'ombe. Mbele yangu, kando ya njia, nikamwona Bi Saada. Huyu ni mwanamke wa makamo yako, asili yake Nyasa, anasokota kamba za nazi. Huyafukia makumbi, yale maganda ya nazi, pwani kwenye mchanga wa maji, yakilainika huyafukua na kuyaponda kwa rungu, akapata usumba wa kusokotea. Alikuwa amejitwika pakacha la makumbi, amesimama pembeni kabisa, nyuma ya mstari wa majani, ananisubiri nipite.

Nilipomkaribia, ingawa kwa umri ni mkubwa kwangu, akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu!"

Nikasema, "Marahaba, Bi Saada," na mkono wangu wa kulia ukaondoka kwenye usukani ukaenda kifuani.

Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kwa miaka hamsini. Na mkono ule wa kulia ndio unaoshika breki, ndio unaotuliza injini. Gurudumu la mbele likakuta ufa wa jiwe, likageuka. Mkono wangu ulikuwa bado kifuani, mahali pa adabu, wakati chuma kinamwendea yule bibi. Usukani ukampiga mkono, pakacha likaruka, na mimi na pikipiki tukaishia kwenye mnazi.

Mimi nilipata ubavu na michubuko. Pikipiki ilipinda uma wake wa mbele, tangi likabonyea, rimu ikawa kama yai. Bi Saada alivunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mzee mmoja wa hapo Chukwani anayeunga mifupa akamfunga kwa vijiti na kitambaa, akamwambia akae miezi miwili bila kushika rungu.

Kesho yake nilikwenda kumtaka radhi. Nilichukua mchele na sukari, nikakodi gari la ng'ombe, nikafika kwake. Ana kibanda cha makuti na ua wa fito. Alikuwa amekaa mlangoni, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Mwalimu, nisamehe."

"Nikusamehe nini, Bi Saada? Mimi ndiye niliyekuumiza."

"Mimi ndiye niliyekusemesha. Ningenyamaza ungepita salama. Nimelala na jambo hilo tangu jana."

Nikamwambia kosa ni langu, la mkono wangu. Akanisikiliza kwa heshima, wala hakuniamini. Kwake yeye, dada, likiharibika jambo baina yake na mtu aliyevaa kanzu nyeupe, mwenye kosa anajulikana. Yeye na mamake walikuwa watumwa katika shamba la babu yake Bwana Sefu, na kibanda chake kingali kwenye ardhi hiyo. Amepata karatasi yake ya uhuru miaka mingi sasa, ameiweka ndani ya kibuyu, lakini mazoea hayana karatasi.

Tukasameheana hivyo, kila mmoja akiwa amebeba kosa lake mwenyewe, nikarudi mjini.

Sasa bima. Bila shaka unalijua neno hilo kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Amu, wanaokatia bima shehena zao. Bwana Sefu aliikatia bima pikipiki yake. Baada ya siku mbili akaniita kwake, nikamkuta na karani wa kampuni ya bima, Bwana Manilal, kijana wa Kibanyani aliyezaliwa hapa Unguja na ambaye Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Pikipiki ilikuwa imelazwa ukumbini kama mgonjwa.

Sauti ya Bi Zamzam ikashuka kutoka juu. "Nilisema mimi! Kitu kinachonguruma bila kula majani si kitu cha kuweka ndani ya nyumba!"

"Mama, kinalishwa petroli," Bwana Sefu akajibu.

"Basi kikanywe baharini! Mwalimu, ubavu wako vipi?"

"Alhamdulillahi, Bi Zamzam."

"Mwanangu amekupa mauti ukayapanda. Na wewe umesoma vitabu vyote hivyo!"

Bwana Manilal akangoja hata bibi alipokwisha, akafungua karatasi yake. "Mwalimu," akasema, "hapa wanauliza sababu iliyomfanya mwendeshaji aupoteze usukani. Majibu ni mawili. Moja kampuni inalipa, moja hailipi."

"La kweli ni lipi?"

"Yote mawili ni ya kweli. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Akainua kidole. "La kwanza, mwendeshaji aliondoa mkono kwa hiari yake. Hilo hawalipi hata kidogo. La pili, mwanamke aliyekuwa kando ya njia alimwita ghafla, mwendeshaji akashughulika naye. Hilo wanalipa pikipiki nzima, mpya."

"Hakuniita. Alinipa shikamoo."

"Kwa sauti?"

"Wewe umewahi kupewa shikamoo ya kimya?"

Akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka. "Wataandika kwamba aliita. Wewe utie sahihi, na yeye atie dole gumba kukiri. Basi."

"Na baada ya basi?"

Bwana Manilal akageuza karatasi. Ni mtu mwaminifu, hakunificha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba kampuni ikishalipa ina haki ya kumdai aliyesababisha. "Lakini hawatamfuata," akasema. "Watamfuata wamchukue nini?"

"Ana kibanda," nikasema. "Ana makumbi yake chini ya mchanga."

"Mwalimu!" Bwana Sefu akaingilia. "Kwani nani anaumia hapa? Kampuni iko Ulaya, haimjui Saada wala haikujui wewe. Na Saada ni mtu wetu wa tangu zamani. Wewe mwambie tu, atatia."

"Najua kwamba atatia."

"Sasa unaumwa na nini? Safari yako ya Amu si iko mwezi ujao? Tia sahihi, uende kwa dada yako. Usipotia, nani atakayelipa hii?"

Aliuliza kwa upole, na jawabu tulilijua sote watatu. Pikipiki ile nilipewa kuwa ni amana. Katika fiqhi tuliyosomeshwa, amana ikiharibika bila uzembe wa aliyepewa, hadaiwi. Ikiharibika kwa uzembe wake, ni juu yake kuirudisha ilivyokuwa. Nami mali yangu yote iliyo tayari ilikuwa ndani ya kile kitambaa cha sandukuni. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu. Nidai bima, nije kwako. Au niitengeneze pikipiki, nisije.

Nisikudanganye, dada. Karatasi ile niliichukua. Nilijiambia kila neno lililomo ni la kweli, maana alitamka kweli, na mimi nilishughulika naye kweli. Nilijiambia pia kwamba ana nini cha kuchukuliwa. Nilikuwa na barua yako mfukoni. Wala usije ukafikiri kwamba baadaye niliikataa bima kwa ucha Mungu. Wanazuoni wanabishana juu ya bima na nimesoma ya pande zote mbili, lakini siku ile nisingejificha nyuma ya kitabu chochote.

Nikakodi punda, magoti yakilalamika, nikaenda Chukwani taratibu kwa ajili ya ubavu. Nilimkuta Bi Saada ameketi ufukweni juu ya jiwe, anawatazama majirani wawili wakimfukulia makumbi yake. Yalikuwa yameshapita siku zake, na yakizidi kukaa huoza yasifae kwa kamba. Wanawake wale walikuwa wanaimba na kumtania.

"Saada, leo wewe ndiye bibi, sisi vijakazi wako!"

"Bibi gani asiyejikuna mwenyewe?" akawajibu. Aliponiona akasimama. "Shikamoo, Mwalimu." Kisha akaziba mdomo kwa mkono mzima, kama aliyevunja sahani.

"Marahaba. Hebu kaa, mimi leo niko na punda."

Wenzake wakacheka sana. Tukasogea pembeni. Nikamweleza kwamba kuna karatasi, na kwamba anatakiwa kutia dole. Akauliza, "Imesemaje?" Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole, sikuruka hata yale ya herufi ndogo. Alisikiliza akitazama bahari.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuita."

"Ulinisalimu."

"Ni mamoja. Niweke wapi?"

Nilikuwa na kidau cha wino. Nikamfungulia. Akachovya dole gumba la kushoto, akalileta juu ya karatasi. Sikumzuia. Nilikuwa nimeishika karatasi kwa mikono miwili isipeperuke, nami nilikuwa nafikiria ngazi ya bandari ya Amu na namna ya kuipanda kwa goti hili.

Dole likasimama hewani. Akaniuliza, "Na siku nyingine nikikuona unakuja, ninyamaze?"

Nikaishusha karatasi.

"Maana nataka kujua. Wa mashini ndio wasiosalimiwa, au hata wa punda? Na akiwa Bwana Sefu mwenyewe ndiye aliyepanda?"

Dada, ningependa kukwambia kwamba alikuwa ananisuta. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anaiuliza sheria mpya apate kuishika, kama alivyozishika zote zilizotangulia. Amekaa miaka sitini akiambiwa asimame wapi, aseme nini, amsalimu nani kwanza, naye alifanya yote hayo vizuri. Siku ile alisimama mahali panapostahili, akasema neno linalostahili, na mimi nilikuwa nimemletea karatasi inayosema kwamba neno hilo ni kosa, ili akiri kwa dole lake.

Nikamshika mkono, nikalifuta lile dole kwa pindo la kanzu yangu. Zuhura ameufua wino ule mara tatu haujatoka.

Akakasirika. Ndiyo, alikasirika. "Sasa Bwana Sefu atasema mimi nimekataa!"

"Hatasema hivyo. Nitamwambia mwenyewe."

"Wewe unakwenda zako mjini, mimi nabaki kwenye ardhi ya watu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kutotia dole peke yake hakutoshi. Nikageuza karatasi ile, nikaandika nyuma yake, mbele ya wale majirani wawili ambao niliwasomea neno kwa neno: kwamba Bi Saada alisimama nje ya njia, akatoa salamu ya kawaida, kwamba mimi niliondoa mkono kwenye usukani kwa mazoea, kwamba kosa ni langu peke yangu na gharama ni juu yangu. Nikatia sahihi. Bi Saada akaitazama ile sahihi muda mrefu, japokuwa hajui kusoma.

"Tusalimiane kama kawaida, basi?" akauliza.

"Kama kawaida."

"Haya. Lakini wewe, Mwalimu, ukiwa juu ya lile dude, itikia kwa kichwa."

Wale wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikacheka, ubavu ukaniuma.

Bwana Sefu hakucheka. Alisoma pande zote mbili za karatasi, akaniambia, "Umevichosha vitabu, Mwalimu, na vyenyewe vimekuchosha." Kisha akasema jambo lingine ambalo sitaliandika, maana Ijumaa alikuja kunitaka radhi kwalo. Bwana Manilal alikunja karatasi zake, akatia mfukoni, akanishika mkono kwa nguvu kuliko desturi yake. Bi Zamzam kutoka juu alisema, "Mwache, Sefu. Angalau nyumba hii imepata mtu mmoja aliyelipa." Siku ya pili akampelekea Bi Saada gunia la mchele, na ujumbe kwamba akae alipo, hakuna wa kumgusa. Nilimwomba anipe neno hilo kwa maandishi, akanipa, nami nimempelekea Bi Saada akaliweka ndani ya kibuyu pamoja na ile karatasi ya uhuru.

Pikipiki iko kwa Fundi Kasimu huko Ng'ambo, mhunzi anayetengeneza baiskeli na vyerehani. Aliizunguka mara mbili akaniambia, "Uma nitaunyosha. Tangi nitaligonga kwa ndani, litavuja kidogo, utazoea. Lakini rimu hii, baba, siwezi kukudanganya. Hii iagizwe Bombay." Imeagizwa. Kile kitambaa cha sandukuni sasa Zuhura anakipangusia taa.

Basi ndivyo ilivyo. Meli ya mwezi ujao itakuja Amu bila mimi. Na ya mwezi wa pili wake pia, maana mpaka rimu ifike sina namna ya kufika mashambani kila siku, na nisipofika mashambani sina cha kufunga kwenye kitambaa kingine. Ramadhani itatukuta wewe huko na mimi huku.

Nimechoka, dada. Sichoki kwa kazi, kazi naijua. Miaka thelathini na mitatu nimewaandikia watu maneno yao, na nimeona jinsi jambo la kweli linavyoweza kuandikwa likamla mtu, na mwandishi akalala usingizi. Huenda mimi mwenyewe nimewahi kuandika mengi ya namna hiyo bila kuulizwa swali. Hili niliulizwa.

Lakini sitaki kujifanya mwema mbele yako. Uliniomba jambo moja katika miaka yote hii, wewe uliyenilea, na jambo hilo lilikuwa haki yako. Nilikuwa nayo mkononi, nikampa mtu mwingine. Bi Saada hakujua kwamba alikuwa anapewa kitu chako. Kwa hiyo radhi niliyoitaka kwake haitoshi, nalazimika kuitaka na kwako. Ukiniandikia kwamba nilikosea, sitabisha. Ukiniandikia kwamba wewe ungefanya vivyo hivyo, sitakuamini sana, maana najua ulivyoningoja.

Nisalimie shemeji, Mzee Kombo, umwambie dawa ya tumbo aliyoitaka nitampata mtu wa kumletea. Nisalimie Mwana Khadija, mkamwana wako, anayekusomea taa zikishawashwa. Kama ndiye anayeisoma hii, namshukuru kwa macho yake. Nisalimie maalim wa chuo chetu, kama bado ni yule mwana wa maalim wetu. Nisalimie kila aliye hai katika wale walionisindikiza, na kwa waliotangulia mnisomee.

Ndani ya bahasha hii utakuta picha. Mpiga picha mmoja Mgoa hapa Shangani nilimwandikia barua ya Kiarabu kwa mwenye nyumba yake, akakataa kunilipa kwa fedha, akasema, "Kaa hapo kwenye kiti." Nikakaa. Aliniambia nisipepese macho, nami sikupepesa, nilikuwa nakutazama wewe. Itoe asubuhi, ukae kwenye mlango wa uani jua likiwa limeingia, uisogeze karibu na jicho la kushoto ambalo umesema bado lina nguvu. Ndevu zote ni nyeupe, na bega moja limeshuka. Usije ukasema Khadija amekosea akakupa picha ya baba. Huyo ni mimi.

Ndugu yako mdogo,
Athumani